Kuhama, Kuhamia na Kuhamishwa: Historia ya Kasese kwa Mzazi Atafutaye Mji na Shule ya Chekechea

Ndugu msomaji, wewe ujifunzaye Kiswahili umekwisha kukutana na vitenzi hivi vitatu, navyo ni vya mzizi mmoja. Kuhama ni kuondoka mahali ulipokuwa ukiishi. Kuhamia, kwa kauli ya kutendea, ni kwenda kukaa mahali ulipopachagua. Kuhamishwa, kwa kauli ya kutendeshwa, ni kuondolewa na mkono wa mwingine, uwe mkono wa serikali, wa adui au wa mto. Historia yote ya Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, yaweza kusimuliwa kwa vitenzi hivi vitatu.

Leo nakuomba tuisome historia hiyo kwa jicho la mtu mmoja tu: mzazi wa Kyarumba mwenye mtoto wa miaka 3 au 4, anayekusudia kuteremka na jamaa yake kuhamia mjini Kasese, au upande wa Bwera mpakani. Kabla ya kufunga mizigo anataka kujua apange nyumba mtaa gani, na mwanawe aanze masomo wapi. Majibu anayopewa kwa kawaida ni ya kodi ya nyumba, karo na sare ya shule. Hayo ni muhimu. Lakini yako maswali mengine ambayo wakazi wa nchi hii waliyajua majibu yake kwa gharama kubwa, na ni hasara kwa mzazi wa leo kuyalipia tena.

Kwa nini watu wanateremka

Kyarumba ni mji mdogo katika vilima vya Rwenzori, katika nchi ya Bukonzo, na riziki yake kubwa ni kahawa. Wakonzo walikaa milimani tangu zamani, wala haikuwa kwa kupenda baridi. Uwanda wa chini ulikuwa na mbu na mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalipoenea kandokando ya maziwa, watawala wa Kiingereza waliwaondoa watu katika sehemu za uwanda huo. Mwaka 1952 eneo kubwa la uwanda likafanywa hifadhi ya taifa kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954 likapewa jina la Malkia Elizabeth baada ya ziara yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1991, vilele vya mlima navyo vikawa hifadhi.

Tazama basi hali ilivyo. Juu kuna hifadhi, chini kuna hifadhi, na katikati kuna ukanda wa ardhi inayolimwa. Baba hugawa shamba kwa wanawe, nao hugawa kwa wana wao, hata kipande kikawa kidogo kisichotosha kulea nyumba. Hapo ndipo kijana wa Kyarumba anapotazama chini, kwenye taa za Kasese, akaanza kuhesabu nauli. Anahama kwa hiari, lakini hiari hiyo imesukumwa na historia.

Kasese, mji ulioletwa na reli

Mji anaouendea una umri mdogo. Shaba ilikuwa imegunduliwa Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, na ili kuitoa ikahitajika njia. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Shaba ya Kilembe ikabebwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa, na mahali palipokuwa uwanda mkavu pakawa mji. Watu walihamia kutoka pande nyingi za Uganda na nchi jirani. Huko Kilembe kampuni ya migodi ilijenga nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Kwa mzazi wa wakati ule swali letu la leo lilikuwa na jibu jepesi: aliyeajiriwa mgodini alipata nyumba, na mtoto wake alipata dawati.

Lakini mji unaotegemea mwajiri mmoja hutegemea pia bahati yake. Kampuni ya Kanada iliyoshika migodi iliondoka katikati ya miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, na mapema miaka ya 1980 uchimbaji wa shaba ukasimama. Treni nazo zikaja kukoma. Nyumba zilibaki, shule zilibaki, ila mkono uliozilisha ulikuwa umeondoka.

Kwa hiyo funzo la kwanza ni hili: unapotazama mji au mtaa, uliza unaishi kwa nini. Hima, ulio katika barabara iendayo Fort Portal, unaishi kwa saruji. Katwe unaishi kwa chumvi ya ziwa lake. Mpondwe, karibu na Bwera, unaishi kwa biashara ya mpakani. Mji wa Kasese wenyewe leo una ofisi, masoko, watalii na vyuo, yaani miguu kadhaa badala ya mmoja. Shule ya chekechea nayo huishi kwa karo za wazazi. Kiwanda kikisita au mpaka ukifungwa, karo huchelewa, na mwalimu wa watoto wadogo, ambaye mara nyingi hulipwa kidogo, ndiye wa kwanza kuondoka. Mtoto wa miaka 4 aliyezoea mwalimu mmoja akabadilishiwa watatu kwa mwaka anapoteza kitu ambacho hakikuandikwa katika risiti ya karo.

Mto hukumbuka njia yake

Mito ya Rwenzori huanza katika theluji na mvua za juu, ikateremka kwa kasi katika mabonde membamba: Mubuku, Nyamwamba, Nyamugasani na Lhubiriha. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukapita katikati ya Kilembe na sehemu za mji wa Kasese. Uliharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020, nchi ikiwa katika marufuku za korona, mito ilifurika tena, safari hii yote minne, na hospitali ya Kilembe ikapigwa vibaya kuliko mara ya kwanza hata wagonjwa wakahamishwa. Maelfu ya watu waliachwa bila makao. Wako waliopelekwa kambini Muhokya, na wengine wakakaa huko miaka, si miezi.

Hapa kitenzi chetu kimebadilika: hawa hawakuhama, walihamishwa. Na watoto walioingia kambini wakiwa na umri wa chekechea walifikia umri wa darasa la kwanza wangali kambini.

Nyumba zilizo karibu na mto huwa na kodi nafuu, maji yapo jirani, ardhi ni tambarare na yapendeza. Mgeni hajui kwa nini ni nafuu, mwenyeji anajua. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mtafute mzee wa mtaa au mwenyekiti wa LC 1, umuulize maji yalifika wapi mwaka 2013 na mwaka 2020. Uliza swali hilohilo juu ya kiwanja cha shule, na juu ya njia ambayo mtoto atapita asubuhi. Shule yaweza kuwa mahali pa juu penye usalama, na njia ya kuiendea ikakatwa na kijito kinachovimba kila msimu wa mvua. Mtoto wa miaka 4 hawezi kupima kina cha maji.

Tena ziko hatari zisizo na kishindo. Mtoto aliyezaliwa katika ubaridi wa vilima akiteremka kwenye joto la Kasese hukutana na mbu wengi kuliko aliowazoea. Chandarua, kituo cha afya kilicho karibu, na darasa lenye hewa ni sehemu ya uchaguzi wa mji kama ilivyo kodi ya nyumba.

Bwera na mpaka

Wengine wa Kyarumba hawaendi Kasese. Huenda Bwera, ambako kuna jamaa, hospitali ya serikali na soko kubwa la Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo, mji wa Kasindi, na watu wa huko, Wanande, wana lugha iliyo karibu sana na ya Wakonzo. Mpaka uliochorwa na wakoloni uliwagawa ndugu, lakini haukuzuia harusi, matanga wala biashara. Kiswahili utakachokisikia sokoni hapo ni cha watu wanaokihitaji kila siku, na mwanafunzi wa lugha angefaidika kukisikiliza.

Mpaka una neema yake na una mzigo wake. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe wakitokea Kongo, na vita vilivyofuata viliwatoa watu wengi wa milimani katika nyumba zao. Mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka 5, aliyevuka mpaka pamoja na jamaa zake, aligunduliwa kuwa na ebola baada ya kupelekwa hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera, akafariki. Wahudumu wa afya wa eneo hilo walikuwa wamejitayarisha kwa miezi, na ugonjwa haukuenea. Kisha usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini.

Sikuandiki haya ili kukutisha usihamie Bwera. Maelfu ya wazazi wanalea watoto huko kwa heshima na bidii, na hospitali iliyojitayarisha kwa ebola ni jirani mwema kwa mtoto yeyote. Nayaandika kwa sababu wazazi wa leo wana haki ya kuuliza maswali ambayo zamani yalionekana ya aibu: je, uzio wa shule uko imara? Nani hufungua lango, na anawajua wanaokuja kuwachukua watoto? Kituo cha polisi kiko umbali gani? Wenye shule wakichukizwa na maswali hayo, kuchukizwa kwao ni jibu.

Wala usidhani kwamba mjini Kasese hakuna kumbukumbu nzito. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 mapambano kati ya vyombo vya dola na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu yaligharimu maisha ya watu zaidi ya 100. Wako watoto waliokuwa wadogo siku hizo ambao wamekua bila baba. Unapompeleka mwanao katika darasa la Kasese, yamkini amekaa karibu na mtoto wa nyumba iliyoumia. Mwalimu mwema analijua hilo, na hawachekeshi watoto kwa utani wa kabila.

Lugha ya darasa: jambo lililoanzisha dola

Sasa tufike kwenye swali ambalo wazazi wengi hulidharau: mtoto atasemeshwa kwa lugha gani? Katika nchi hii, lugha ya shule haikuwa jambo dogo hata siku moja.

Chini ya utawala wa Kiingereza, Wakonzo na Waamba waliwekwa ndani ya ufalme wa Toro. Walilalamika kwamba shule zao ni chache, nafasi za kusoma huenda kwa wengine, na watoto wao hufundishwa Kitoro badala ya lugha ya nyumbani. Miongoni mwa waliolishika jambo hilo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirania. Katika miaka ya 1950 aliunda chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo. Mwaka 1962 wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro, na mwaka huohuo Rwenzururu ikajitangaza kuwa nchi yake yenyewe. Mukirania akawa kiongozi wake, kisha mfalme, hadi alipofariki mwaka 1966. Dola hiyo ya milimani ilikusanya kodi, ilihukumu kesi, na iliendesha shule zake.

Mwaka 1974 serikali ya Amin iliigawa wilaya ya Toro, na sehemu za Wakonzo na Waamba zikapata wilaya zao, ambazo leo ni Kasese na Bundibugyo. Mwanawe Mukirania, Charles Wesley Mumbere, aliteremka mlimani na watu wake mwaka 1982, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ikautambua rasmi ufalme wa Rwenzururu. Yako mengi ndani ya historia hiyo, ya ardhi, ya vyeo na ya damu. Lakini kumbuka kwamba mwanzoni kabisa alisimama mwalimu aliyeona watoto wakifundishwa kwa lugha isiyo yao.

Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda huelekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi yafundishwe kwa lugha ya mahali, isipokuwa pale ambapo watoto wana lugha nyingi mno. Huko Kasese, Lhukonzo, yaani Kikonzo kwa desturi ya Kiswahili chetu, ni mojawapo ya lugha hizo. Lakini nasari nyingi za mjini hujitangaza kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, na wazazi hulipia zaidi kwa sababu hiyo. Mtoto wa Kyarumba huingia darasani, anasikia sauti asizozielewa, ananyamaza, na mwalimu mwenye haraka humhesabu kuwa mzito.

Sisemi kwamba Kiingereza kisifundishwe, wala Kiswahili, ambacho tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na ambacho mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nasema mtoto wa miaka 4 anahitaji kwanza mtu wa kumwelewa anaposema anataka maji, au tumbo linamuuma. Kwa hiyo nenda shuleni asubuhi, usimame kando, usikilize. Mtoto akilia, mwalimu anamtuliza kwa lugha gani? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko bango la langoni.

Anayelipa, na anayebaki

Mwaka 1997 Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote bila karo, na mamilioni ya watoto wakaingia madarasani. Lakini mpango huo huanza darasa la kwanza. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 iliitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya elimu, ila ikaacha uendeshaji wake kwa watu na mashirika binafsi, na gharama yake kwa wazazi. Serikali ilibaki na kazi ya kuweka mtaala, kusajili na kukagua. Kwa hiyo usione haya kuomba kuona cheti cha usajili wa shule na kuuliza mwalimu alisomea wapi malezi ya watoto wadogo. Hiyo ni haki yako kama raia, wala si ujeuri.

Na ndani ya nyumba, nani huamua? Kyarumba yenyewe ina mfano wa kujivunia. Bukonzo Joint, ushirika wa kahawa na mikopo wenye makao yake hapo, uliwaongoza wakulima, mume na mke, kuchora kwa mikono yao picha za maisha wanayoyataka na njia ya kuyafikia. Walichora pia nani hufanya kazi ipi, na nani hushika fedha. Hata asiyejua kusoma aliweza kuchora. Familia nyingi ziligundua kwamba anayechuma na kukausha kahawa siye anayeamua matumizi ya bei yake. Nyumba inayotaka kuhama ingefanya vyema kukaa chini na kuchora hivyo: hapa mto, hapa shule, hapa kituo cha afya, hapa kazi ya baba, hapa biashara ya mama, na mistari ya miguu midogo itakayopita kati yake kila siku. Mara nyingi mama ndiye atakayetembea njia hiyo mara mbili kwa siku. Basi sauti yake isiwe ya mwisho kusikilizwa.

Lakini wajibu wa raia hauishii katika kuchagua vyema kwa mwanawe. Kwa kila familia inayoteremka, ziko nyingi zinazobaki vilimani kwa kukosa nauli, karo au mtu wa kuzipokea. Watoto wa pande zote mbili, waliopita nasari na wasiopita, watafanya mtihani mmoja wa taifa mwisho wa darasa la saba. Mmoja alishika kalamu akiwa na miaka 3, mwingine akiwa na miaka 6 au 7, kisha tutawapanga kwa alama na kusema mmoja ana akili kuliko mwenziwe. Mukirania na wenzake waliuliza kwa nini shule ziko kwa jirani na si kwetu. Wewe unayehama, kabla hujaondoka, uliulize swali hilo katika mkutano wa kijiji na mbele ya diwani wako: ni lini Kyarumba itapata darasa la chekechea ambalo mtoto wa maskini ataingia bila kufukuzwa kwa karo? Liulize tena huko uendako, kwa maana nako wamo walioshindwa kulipa, na baadhi yao walitoka vilima vilevile ulivyotoka wewe.

Kwa mazoezi, mwanafunzi wangu, mwulize mtu mzima wa nyumbani kwenu jinsi jamaa yenu ilivyofika mnapoishi. Kisha andika aya moja ukitumia vitenzi vitatu, kuhama, kuhamia na kuhamishwa, kila kimoja mahali pake. Angalia ni kipi kinachojitokeza mara nyingi zaidi, na umwulize sababu.